Kompyuta ya Nyumbani Haipati Intaneti: Jua Kwanza Imekatikia Wapi

Mzee mmoja jirani yangu hapa Tabata alinipigia saa mbili usiku. "Fundi mwanangu, kompyuta haina intaneti tangu juzi, na kesho ndiyo mwisho wa kutuma fomu za mjukuu." Nilipofika nikakuta mashine nyeupe pe, kama imetoka dukani siku hiyohiyo: haina picha, haina nyaraka, hata printa haiijui. Kumbe fundi mwingine alishapita mchana. Alipiga Windows upya, akachukua elfu thelathini yake, akaaga akisema wasubiri mtandao utulie. Mimi nikachomoa laini kwenye ruta, nikaiweka kwenye simu yangu, nikaangalia salio. Bando lilikuwa limeisha.

Yule fundi si kwamba hajui kompyuta. Alianza kutengeneza kabla ya kutafuta, basi. Na wengi wetu tukiwa nyumbani tunafanya vilevile: tunabonyeza hiki, tunafuta kile, tunarudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, halafu tatizo moja linazaa matatu.

Fikiria intaneti kama safari ya daladala yenye vituo. Kutoka kwenye kompyuta inakwenda kwenye ruta, kwa waya au kwa waifai. Kutoka kwenye ruta inakwenda kwenye mnara wa simu au kwenye faiba. Hapo inaingia kwa mtoa huduma wako, kisha inatoka kwenda kwenye tovuti unayoitaka. Njiani kuna kituo kimoja kisichoonekana kinachoitwa DNS, kazi yake ni kugeuza jina la tovuti kuwa namba. Unachotakiwa kujua ni abiria kashushwa kituo gani. Mpaka ujue, usibadilishe mpangilio wowote.

Anza na simu, siyo kompyuta

Chukua simu, iunge kwenye waifai ileile ya nyumbani, fungua tovuti ambayo hujaifungua siku za karibuni. Lakini kwanza zima data ya laini. Hapa ndipo watu wanapodanganyika: simu nyingi za siku hizi zikiona waifai haina intaneti zinahamia kwenye data kimyakimya, wewe unaona ukurasa umefunguka, unasema "ruta nzima, kompyuta ndiyo mbovu." Njia rahisi ni kuwasha hali ya ndege, kisha kuwasha waifai peke yake.

Ikiwa na simu nayo haipati, kompyuta yako haina kosa. Nenda kwenye sehemu ya ruta hapa chini. Ikiwa simu inapata vizuri, ruta na mtoa huduma wako salama, ruka uende kwenye sehemu ya kompyuta.

Jiulize pia nini kilibadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi. Umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu? Ruta imehamishwa? Umeweka antivairasi mpya, au VPN ya bure, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine? Kompyuta imerudi kutoka ofisini? Kama nyumbani kuna watoto, waulize kwa upole, maana ukiuliza kwa ukali hakuna atakayesema kwamba alichomoa waya ili achaji simu.

Vifaa vyote havipati: ruta na kinachoiingia

Bando kwanza. Najua unajua kwamba ulinunua juzi tu. Angalia hata hivyo. Ruta ya laini haisemi kwamba bando limeisha. Waifai inabaki imejaa mistari yote, kompyuta inaandika imeungwa, ila hakuna kinachofunguka. Chomoa laini, iweke kwenye simu, uliza salio. Ukiwa nayo kwenye simu, jaribu kufungua ukurasa mmoja kwa laini hiyo. Ikifunguka, laini nzima na bando lipo, shida iko kwenye ruta. Ikiwa simu inadai PIN ya laini, basi umeipata sababu: ruta haiwezi kuingiza PIN yenyewe kama haikuwekewa, kwa hiyo iondoe PIN hiyo kwenye mipangilio ya simu kabla ya kuirudisha laini.

Kisha soma taa. Ruta inaongea kwa taa, na ukishazoea utaona zinasema mengi kuliko kioo cha kompyuta. Taa ya umeme ikiwa haiwaki, mtuhumiwa wa kwanza ni adapta. Mitaa yetu umeme ukikatika na kurudi, adapta ndizo zinazoumia. Usikimbilie kuokota adapta yoyote ya kingʼamuzi inayoingia tundu. Geuza ruta, soma kibandiko cha chini: kinaweza kusema 12V 1A, kingine 9V, kingine 5V. Volti lazima zilingane kabisa, ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi. Ukiweka ya volti 12 kwenye ruta ya volti 5 utasikia harufu kabla hujaona taa. Na kuna adapta iliyochoka nusu: taa zinawaka, ruta inaamka, halafu ikianza kurusha waifai inazimika na kuanza upya. Ukiona ruta inawaka na kuzima yenyewe kila baada ya dakika mbili tatu, jaribu adapta nyingine ya kiwango kilekile kabla ya kuihukumu ruta.

Kwa ruta ya laini, taa ya mawimbi ikiwa nyekundu au ina mstari mmoja, mahali ilipowekwa ndiyo shida. Nyumba zetu za bati ni adui wa mawimbi, na dirisha lenye nondo nyingi na neti ya chuma nalo linapunguza. Sogeza ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara, juu kidogo, mbali na friji na maikrowevu. Nimeshaona ruta iliyofichwa nyuma ya kabati la vyombo "isichezewe", kila mtu analalamika mtandao mbovu. Kuisogeza mita tatu tu kulimaliza kesi.

Kwa faiba, tafuta kile kiboksi kidogo ambacho uzi mwembamba wa faiba unaingia. Kina taa mbili za kuangalia: PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa na LOS ikiwa imezimika, mwanga unafika. LOS ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki nyumbani kwako na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoleta. Fuata uzi kwa macho kutoka kwenye kiboksi mpaka ukutani. Angalia kama umebanwa na mguu wa kabati, umekunjwa kona kali, au umetafunwa na panya. Ndani ya uzi ni kioo chembamba. Ukiukunja mduara mdogo mwanga unavuja, ukiuvunja haugundishwi na solotepu. Sukuma kiunganishi taratibu mpaka kisikike kimekaa. Usichungulie ncha ya faiba, mwanga wake hauonekani lakini macho yanaweza kuumia. Ikiendelea kuwa nyekundu, piga simu kwa mtoa huduma, hapo wewe umemaliza.

Taa zikiwa zote nzuri na bando lipo, zima kila kitu kwa mpangilio. Chomoa kiboksi cha faiba, chomoa ruta, subiri nusu dakika. Washa kiboksi kwanza, ngoja taa zitulie, ndipo uwashe ruta, ngoja dakika mbili hadi tano. Kuzima kwa kubonyeza swichi na kuwasha papo hapo hakutoshi. Kile kitobo cha kurudisha hali ya kiwandani, kinachobonyezwa kwa sindano nyembamba, usikiguse kabisa: ruta za faiba nyingi zimewekewa jina la mtumiaji na nywila za mtoa huduma, ukizifuta utakaa siku mbili ukimsubiri fundi wao.

Simu inapata, kompyuta haipati

Hapa kuna hali nne, kila moja ina njia yake.

Hali ya kwanza: alama ya waifai imezimwa. Kwenye laptopu kuna kitufe chenye picha ya mnara au ndege katika ile safu ya juu, na zingine za zamani zina swichi ndogo pembeni inayosogezwa kwa kidole. Paka akipita juu ya kibodi anaweza kuiwasha hali ya ndege. Bonyeza alama ya mtandao chini kulia, hakikisha ndege imezimwa.

Hali ya pili: waifai inawaka, lakini jina la ruta yako halionekani, la jirani unaliona. Ruta nyingi sasa zinarusha masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Laptopu za zamani zinaona ya kwanza tu. Kama mtu ameizima ile ya 2.4, laptopu yako haitaona kitu hata ukiiweka juu ya ruta. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta kwa simu (unafunguka ukiandika anwani ya ruta kwenye kivinjari), washa zote mbili. Ukifika hapo angalia pia aina ya ulinzi: ikiwekwa WPA3 peke yake, kompyuta za miaka ya nyuma zinagoma, weka WPA2, au mchanganyiko wa hizo mbili.

Hali ya tatu: jina unaliona, ukibonyeza linakataa. Mara nyingi kompyuta imeshikilia nywila ya zamani. Bonyeza jina hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Forget", kisha jiunge upya na uandike nywila kwa kuangalia, siyo kwa kukariri. Herufi kubwa na ndogo zina tofauti, na sifuri na herufi O zimewaliza wengi.

Hali ya nne: hakuna alama ya waifai kabisa, kana kwamba mashine haijawahi kuwa nayo. Hii hutokea hasa baada ya kupigiwa Windows upya, na maana yake draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya waifai, haipo. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, fungua "Device Manager", tazama sehemu ya "Network adapters". Pembetatu ya njano ni ishara yake. Sasa unajiuliza utapakuaje draiva bila intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, ingia mipangilio ya simu, washa kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta nyingi zinaitambua hiyo papo hapo bila draiva ya ziada, na mara nyingi Windows Update inatafuta draiva ya waifai yenyewe. Waya huo huo ni kipimo kizuri pia: kompyuta ikipata intaneti kwa USB ya simu lakini si kwa waifai, Windows yako haina tatizo, kasoro iko kwenye kadi ya waifai, draiva yake au mipangilio yake.

Wenye kompyuta ya mezani inayotumia kijiti cha waifai cha USB: msikichomeke nyuma kabisa karibu na ukuta, kwani boksi la chuma la mashine linameza mawimbi. Kiwekeeni waya mfupi wa USB kikae juu ya meza. Na laptopu inayopoteza waifai kila ikitoka usingizini, fungua kadi ya waifai ndani ya "Device Manager", nenda "Power Management", ondoa tiki kwenye ruhusa ya kuzima kifaa ili kuokoa umeme.

Wanaotumia waya, angalieni taa mbili kwenye tundu ambapo waya unaingia. Hazijawaka hata moja? Badili waya, kisha badili tundu la ruta. Kile kiklipu cha plastiki kikivunjika waya unaonekana umeingia lakini umelegea nusu milimita. Na hakikisha umechomeka kwenye tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani, siyo lile la WAN, la kuingizia intaneti kwenye ruta, ambalo mara nyingi lina rangi ya peke yake.

Dirisha jeusi na ping nne

Kama bado, sasa tunapima kituo kwa kituo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Dirisha jeusi likifunguka usiogope, hakuna utakachoharibu kwa amri hizi. Andika:

ipconfig

Tafuta mstari wa "IPv4 Address" na wa "Default Gateway". Ya kwanza ni anwani ya kompyuta yako ndani ya nyumba, ya pili ni anwani ya ruta. Mara nyingi ya ruta ni 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za laini, au 192.168.100.1 kwa baadhi za faiba. Iandike kwenye karatasi. Kisha piga ping nne (ping ni kukiita kifaa na kusubiri kijibu), moja baada ya nyingine, usibadili mfuatano:

ping 127.0.0.1

Hapa kompyuta inajiita yenyewe. Ikishindwa kujijibu, programu za mtandao ndani ya Windows zimeharibika. Ruka hadi sehemu ya nyundo kubwa.

ping 192.168.1.1

Weka ile namba ya ruta yako uliyoiandika. Jibu zuri huanza na "Reply from" na namba ya ruta, na muda wake ni milisekunde chache tu. Ikiwa inajibu lakini kwa milisekunde mia mbili, mia tatu, na nyingine zinapotea, waifai ni dhaifu hapo ulipokaa: sogea karibu na ruta, pima tena. Ikisema "Request timed out" au "Destination host unreachable", safari imekwama kati yako na ruta.

ping 8.8.8.8

Hii ni seva ya Google, iko nje ya nyumba na nje ya mtoa huduma wako. Ruta ikijibu na hii isijibu, abiria kashushwa baada ya ruta. Lakini ikiwa simu yako inapata kwa waifai hiyohiyo, basi kuna kitu ndani ya kompyuta kinazuia, na hicho ni VPN au antivairasi kwa asilimia kubwa ya kesi ninazozipokea.

ping google.com

Namba ilijibu lakini jina halijibu, na dirisha linakuambia haliwezi kumpata mwenye jina hilo? Hongera, umempata mwizi, naye ni DNS.

Kwenye Mac na Linux amri ya ping haikomi yenyewe, bonyeza Ctrl na C kuisimamisha. Na kwenye Linux badala ya ipconfig andika ip a.

Ukiona 169.254

Nimetenga sehemu ya namba hii kwa sababu ukishaijua itakuokolea saa nzima. Kwa kawaida ruta ndiyo inayogawa anwani, kama mwenye nyumba anavyogawa namba za vyumba. Kompyuta ikiomba isijibiwe, Windows inajipa anwani yenyewe inayoanza na 169.254. Ukiiona kwenye ipconfig ujue kompyuta na ruta hazijaongea kabisa, hata kama waifai imeandika imeungwa.

Jaribu kwanza amri mbili hizi kwenye dirisha jeusi:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ikishindikana, bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl. Zitatokea kadi zako za mtandao. Bonyeza kulia kwenye ya waifai, "Properties", kisha mstari wa "Internet Protocol Version 4", "Properties" tena. Weka chaguo la kupata anwani moja kwa moja. Mara kwa mara, kwa laptopu za ofisini, utakuta hali tofauti kidogo: kuna anwani iliyoandikwa kwa mkono, mathalani 10.0.0.25, iliyofaa kule kazini na haifai nyumbani kwenye 192.168. Hiyo haitaonyesha 169.254, itaonyesha hiyo ya ofisini, na ruta yako haitaijua. Kabla ya kuifuta iandike pembeni, Jumatatu utaihitaji.

Ikiwa mpangilio uko sawa na bado 169.254 inang'ang'ania, zima na washa ruta. Ruta ndogo zina idadi ya anwani za kugawa, na nyumba yenye simu kumi na mbili, runinga, na wageni wa Idi inaweza kuimaliza.

DNS: jina halijulikani

Kwenye kivinjari utaona maandishi kama DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ERR_NAME_NOT_RESOLVED. Kabla ya kubadili chochote andika 1.1.1.1 kwenye kivinjari, mahali pa kuandikia jina la tovuti. Ukurasa wa Cloudflare ukifunguka wakati tovuti zingine hazifunguki, hakuna ubishi tena.

Anza na amri ya kufuta kumbukumbu za majina:

ipconfig /flushdns

Haikusaidia? Rudi ncpa.cpl, mpaka kwenye ule mstari wa toleo la 4, na chini pale penye DNS andika 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Ya kwanza ni ya Cloudflare, ilizinduliwa 2018. Ya pili ni ya Google, ipo tangu 2009. Zote bure. Hiki ndicho kitu kimoja ninachokibadilisha bila wasiwasi kwenye kompyuta za wateja, kwa sababu DNS za watoa huduma wetu huzidiwa jioni, saa ambazo kila mtu yupo nyumbani. Isipokuwa laptopu ya ofisi: hiyo ina majina ya ndani ambayo Google haiyajui, iache.

Ping zote zinajibu, kurasa hazifunguki

Tazama saa ya kompyuta. Sitanii. Bibi mmoja wa Ilala mwenye kompyuta ya mezani ya zamani alikuwa hawezi kufungua barua pepe kila asubuhi, mchana anaweza. Mashine yake ilikuwa inachomolewa ukutani kila usiku, na betri ndogo ya ndani, ile ya mviringo iitwayo CR2032, ilikuwa imekufa. Kila ikiwashwa inadhani ni 2009. Tovuti zinazoanza na https zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta inayodhani iko 2009 inavikataa vyote, na kivinjari kinaandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Mchana mjukuu akirudi shuleni anarekebisha saa, ndipo barua zinafunguka. Betri ile bei yake ni ya soda mbili tatu. Zima mashine, chomoa umeme, itoe kwa bisibisi ndogo, rudisha nyingine upande uleule wa maandishi juu.

Saa iko sawa? Angalia proksi, yaani seva ya kati ambayo kivinjari kinaweza kuwa kimepangiwa kupitia. Mipangilio ya Windows, "Network & internet", "Proxy", zima chochote kilichowashwa chini ya mpangilio wa mkono. Virusi na programu za bure za kupakulia filamu hupenda kuacha proksi yao hapo, ukiifuta programu proksi inabaki, na kivinjari kinaenda kubisha hodi kwa mtu aliyeshahama. Halafu VPN: nyingi zina ulinzi unaokata intaneti yote VPN ikikatika. Ifunge kabisa, ikibidi iondoe. Antivairasi iliyoisha muda nayo huzuia. Izime dakika tano upime, ikionekana ndiyo, iondoe, Windows ina ya kwake.

Na usiamini sana alama ya dunia yenye msalaba pale chini. Windows inaamua kama intaneti ipo kwa kuvuta faili dogo kutoka msftconnecttest.com. Faili hilo likizuiwa, Windows inaandika "No internet" huku wewe unatazama video vizuri.

Nyundo kubwa

Ukishapita huko kote, na umethibitisha kwamba simu inapata na kompyuta haipati, fungua cmd kwa kubonyeza kulia na kuchagua "Run as administrator", uandike:

netsh winsock reset
netsh int ip reset

Kisha zima na kuwasha kompyuta. Hizi zinajenga upya mipangilio ya mtandao bila kugusa faili zako. Ya mwisho kabisa ni "Network reset", ndani ya mipangilio ya mtandao ya Windows. Hiyo inafuta kadi zote na nywila zote za waifai, kwa hiyo hakikisha unaijua nywila ya nyumbani kabla ya kubonyeza. Mtu akikwambia kupiga Windows kabla ya hapa, mwambie asubiri.

Kumpigia mtoa huduma

Wakati mwingine nyumba yako haina kosa lolote. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Siku ile simu yangu haikupumzika, na jibu lilikuwa moja kwa wote: ruta inajibu ping, 8.8.8.8 inajibu kwa kusuasua au haijibu kabisa, jirani mwenye mtandao mwingine naye analia. Hapo unaacha kompyuta unaenda kupika.

Kama ni wewe peke yako mtaani, piga simu ukiwa na karatasi yako mkononi: namba ya akaunti au ya laini, saa tatizo lilipoanza, taa zipi zinawaka na rangi gani, ping ipi ilijibu na ipi haikujibu. Ukisema "nimezima na kuwasha, ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, LOS inapepesa nyekundu tangu saa nne," yule wa huduma kwa wateja hatakurudisha kwenye hatua ya kwanza. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako, iandike kwenye karatasi ileile.

Na wewe wa bando, likirudi tu, fungua mipangilio ya waifai hiyo kwenye Windows na uwashe "Metered connection". Yule mzee wangu wa Tabata, nilipofungua kumbukumbu za matumizi kwenye ukurasa wa ruta yake, mlaji mkubwa hakuwa mjukuu. Ilikuwa ni Windows yenyewe, inajisasisha usiku wakati nyumba nzima imelala.